Biashara ya kaboni ya misitu: Yale ambayo mtaalamu kijana anapaswa kuyajua

NI nani anayeweza kununua hewa? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mtaalamu kijana hukumbana nalo anaposimama mbele ya baraza la wanakijiji kueleza mradi wa kaboni. Swali lenyewe lina maana, na yeyote asiyeweza kulijibu kwa lugha nyepesi hajawa tayari kuingia katika kazi hii.

Vijana waliohitimu taaluma za misitu, kilimo, sheria, uhasibu na uchoraji wa ramani wanazidi kuvutiwa na biashara hiyo. Hapa Kenya miradi yake imeenea kutoka mikoko ya Kwale hadi nyika za Taita Taveta, mashamba ya magharibi mwa nchi na nyanda za malisho za kaskazini.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo aghalabu husahaulika. Mikataba ya kaboni hudumu kwa miaka 20, 30 au hata zaidi. Wazee wanaoitia sahihi leo huenda wasiwepo muda wake utakapokwisha. Watakaobaki na ardhi, pamoja na masharti yaliyofungwa juu yake, ni vijana. Hivyo basi, elimu ya kaboni inahusu urithi sawa na inavyohusu ajira.

Kinachouzwa

Mti hukua kwa kuvuta gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo pia huitwa hewa ya ukaa. Kwa kutumia mwanga wa jua na maji, mti huitwaa kaboni iliyo katika gesi hiyo na kuitumia kujenga shina, matawi, majani na mizizi yake. Mti unapochomwa makaa au kuoza, kaboni hiyo hurudi angani.

Viwanda, magari, ndege na mitambo ya umeme inayotumia mafuta au makaa ya mawe huitoa hewa hiyo kwa wingi, na ndiyo sababu kuu ya kuongezeka kwa joto duniani. Kampuni inayotaka kufidia sehemu ya uchafuzi wake inaweza kumlipa mtu aliyepanda miti au aliyeuzuia msitu usikatwe.

Kipimo cha biashara hiyo ni tani moja ya hewa ya ukaa, yaani kilo 1,000. Kila tani iliyopimwa na kuthibitishwa hutolewa hati moja yenye nambari yake ya pekee katika daftari la kimataifa. Mnunuzi akishaitumia kufidia uchafuzi wake, hati hiyo hufutwa ili isiuzwe kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo, mwenye msitu haiuzi ardhi wala hauzi mti. Anachouza ni haki ya kudai kwamba tani fulani ya hewa chafu imepunguzwa. Haki hiyo inapouzwa kwa mmoja, haiwezi kudaiwa na mwingine.

Hapa pana suala la lugha pia. Watu wengi huziita hati hizo "mikopo ya kaboni". Mkulima anaposikia neno mkopo huwaza deni, riba na mnada wa shamba. Ilhali katika biashara hii hakuna anayemkopesha mwenzake. Mtaalamu atakayesema "hati za kaboni" na kufafanua maana yake atakuwa ameondoa nusu ya hofu iliyomo barazani.

Chimbuko lake

Msingi wa biashara hii uliwekwa katika Mkataba wa Kyoto, uliopitishwa nchini Japani mnamo Desemba 1997 na kuanza kutekelezwa Februari 2005. Mkataba huo uliyataka mataifa tajiri kupunguza hewa chafu, na ukayaruhusu kutimiza sehemu ya wajibu huo kwa kugharimia miradi katika nchi zinazoendelea.

Chini ya utaratibu huo, misitu ilipewa nafasi finyu. Upanzi wa miti mipya ulikubaliwa, lakini kuulinda msitu uliopo usikatwe hakukuhesabiwa. Kwa nchi nyingi za Afrika hilo lilikuwa pigo, kwani hewa nyingi ya ukaa ilitokana na kufyekwa kwa misitu.

Suala la kuilinda misitu iliyopo liliingizwa rasmi katika mazungumzo ya kimataifa kwenye kongamano la Bali, Indonesia, mwaka 2007. Kutoka hapo ukazaliwa mpango ujulikanao kama REDD, ambao huwalipa wenye misitu kwa kuzuia uharibifu wake.

Mkataba wa Paris wa 2015 ulifuata, na Kifungu chake cha 6 ndicho kinachoruhusu mataifa kuuziana tani zilizopunguzwa. Kanuni za kifungu hicho zilijadiliwa kwa miaka mingi, zikakubaliwa kwa sehemu kubwa jijini Glasgow mwaka 2021 na kukamilishwa jijini Baku mwaka 2024.

Kenya haikuchelewa kuingia. Mwaka 2006, Vuguvugu la Green Belt lililoasisiwa na marehemu Profesa Wangari Maathai lilitia sahihi mkataba na Benki ya Dunia wa kupanda upya miti katika maeneo ya Aberdare na Mlima Kenya na kuuza hewa ambayo miti hiyo ingefyonza. Maathai alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani miaka miwili kabla ya hapo.

Kupima mti

Kazi ya kaboni huanzia msituni, na kifaa chake cha kwanza ni tepu. Mpimaji huizungusha kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, karibu na kifua cha mtu mzima. Aina ya mti huandikwa, na mara nyingine urefu wake pia hupimwa.

Kwa kuwa haiwezekani kupima kila mti, wataalamu hutenga viwanja vidogo vya vipimo katika sehemu mbalimbali za msitu. Miti yote iliyomo humo hupimwa, kisha matokeo hutumiwa kukadiria msitu mzima. Viwanja hivyo hutembelewa tena baada ya miaka kadhaa ili kujua kama kaboni imeongezeka au imepungua.

Vipimo hivyo huingizwa katika fomula zinazokadiria uzito wa mti ukiwa mkavu. Takriban asilimia 47 ya uzito huo huwa ni kaboni. Ili kupata kiasi cha hewa ya ukaa, kaboni huzidishwa kwa 44 na kugawanywa kwa 12, kulingana na uzito wa chembechembe zinazounda gesi hiyo.

Mathalani, mti wenye uzito mkavu wa kilo 300 una kaboni kilo 141 hivi. Kiasi hicho ni sawa na kilo 517 za hewa ya ukaa. Maana yake ni kwamba miti miwili ya aina hiyo, iliyokomaa, huleta takriban hati moja tu. Mkulima aliyeahidiwa utajiri kwa miche 50 iliyopandwa juzi anapaswa kuonyeshwa hesabu hii kabla ya kutia sahihi popote.

Maswali manne

Kupima miti pekee hakutoshi. Kabla ya hati kutolewa, mradi hukaguliwa na mhakiki wa nje asiye na uhusiano na wenye mradi, naye hutafuta majibu ya maswali manne.

La kwanza: bila mradi, hali ingekuwaje? Kama msitu ungekatwa kwa kasi fulani, kasi hiyo ndiyo hali ya kulinganishia. Hapa ndipo udanganyifu hujipenyeza kwa urahisi zaidi, kwa kuwa anayetia chumvi kuhusu hatari iliyoukabili msitu hupata hati nyingi zaidi.

La pili: je, mradi umeleta nyongeza? Msitu ambao ungesalia salama hata bila fedha za kaboni hauna nyongeza yoyote. Mwenye kuuza hati zake huwa anauza kitu ambacho kingetokea bure.

La tatu: je, uharibifu umehamia kwingine? Wachoma makaa wakizuiwa katika bonde moja na kuvuka hadi bonde la pili, hewa haijapungua. Mradi hupaswa kukata sehemu ya hati zake kwa ajili ya uvujaji huo, au kuwapa watu njia nyingine ya kupata kuni, nguzo na riziki.

La nne: je, kaboni itadumu? Moto, ukame au kiongozi mpya mwenye msumeno anaweza kuiteketeza kazi ya miaka 20 katika muda wa wiki moja. Kwa sababu hiyo, kila mradi huacha sehemu ya hati zake katika akiba ya pamoja, mfano wa bima, ili kufidia hasara ya aina hiyo.

Mtaalamu aliyeyashika maswali haya manne anaweza kuusoma mradi wowote duniani na kujua palipo na kasoro.

Mfano wa Gazi

Ghuba ya Gazi katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, ni darasa zuri kwa anayetaka kuona nadharia ikitekelezwa. Huko ndiko uliko mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013 chini ya viwango vya Plan Vivo.

Mradi huo unasimamiwa na wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni na unahusu hekta 117 za mikoko. Kwa mwaka huhesabiwa kuokoa takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, KMFRI, ambayo ina kituo Gazi, huusaidia kwa utaalamu, na shirika la hisani lililo Scotland hushughulikia mauzo.

Mikoko ina thamani ya pekee katika biashara hii. Kaboni yake nyingi haimo katika mashina, bali imezikwa katika matope yaliyo chini ya mizizi, ambamo inaweza kukaa kwa karne nyingi. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na sehemu kubwa zaidi iko katika Kaunti ya Lamu.

Wakazi wa Pwani wameitegemea miti hiyo tangu zama za kale. Mkoko, mkandaa na muia zimetoa pau, boriti na nguzo za nyumba, pamoja na kuni za kupikia. Kuwaambia watu waache kukata bila kuwapa badala yake kungekuwa kuwasukuma wakakate kwingine.

Kwa hivyo, mradi ulipanda mivinje nchi kavu ili iwe chanzo cha nguzo na kuni. Hilo ndilo jibu la swali la tatu, na lilitolewa kwa miti ambayo mwanakijiji anaweza kuiona na kuitumia.

Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Fedha hizo zikigawanywa kwa kila mtu, haziwezi kununua hata mfuko wa unga wa wiki kadhaa. Wakazi waliamua kuzitumia kwa pamoja, katika mambo kama maji na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta inayotolewa na Umoja wa Mataifa, na baadaye mradi mwingine wa aina hiyo ukaanzishwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Funzo la Gazi ni kwamba mradi mdogo, wenye hesabu iliyo wazi na manufaa yanayoonekana, unaweza kudumu. Funzo la pili ni kwamba kaboni peke yake haitajirishi kijiji.

Nyika na mashamba

Katika Kaunti ya Taita Taveta, mradi wa Kasigau unalinda takriban hekta 200,000 za msitu wa nyika kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani kupewa hati za REDD chini ya kiwango cha VCS, ambacho sasa husimamiwa na shirika la Verra.

Ardhi hiyo kwa kiasi kikubwa ni ranchi zinazomilikiwa na wenyehisa. Ukataji wa miti kwa ajili ya makaa na mashamba ndio uliokuwa tishio. Mapato ya kaboni yamegharimia askari wa wanyamapori, karo za wanafunzi na miradi ya maji.

Magharibi mwa nchi, wakulima wadogo walijiunga na mradi wa kaboni ya kilimo ulioongozwa na shirika la Vi Agroforestry. Badala ya kuhesabu miti tu, mradi huo ulihesabu kaboni inayoongezeka udongoni mkulima anapotumia mboji, kuacha mabua shambani na kuchanganya miti na mazao. Mnamo Januari 2014 ulipata hati za kwanza za kaboni ya udongo chini ya VCS, zipatazo 24,788.

Kandokando ya Mlima Kenya, mpango wa TIST, ulioanzia Tanzania mwaka 1999 na kuingia Kenya mwaka 2004, huwakusanya wakulima katika vikundi vidogo. Kila kikundi huhesabu miti yake, na wapimaji, wengi wao wakiwa wakulima wenyewe, huthibitisha hesabu hiyo kwa kutumia vifaa vya kusoma mahali kwa setilaiti.

Miradi hii yote ina jambo moja la pamoja. Imewahitaji watu wa hapa hapa wanaoweza kusoma ramani, kutunza kumbukumbu na kuzungumza na wakulima kwa lugha yao. Hiyo ndiyo nafasi ya mtaalamu kijana.

Bei hupanda na kushuka

Yapo masoko ya aina mbili. Katika soko la lazima, sheria au mkataba wa kimataifa humshurutisha mchafuzi kununua. Mfano wake ni mpango wa mashirika ya ndege ujulikanao kama CORSIA. Katika soko la hiari, kampuni hununua kwa kupenda, ama kwa kutimiza ahadi zake au kwa kulinda jina lake.

Miradi mingi ya misitu nchini huuza katika soko la hiari, ambalo hutegemea sana imani ya mnunuzi. Mwaka 2021 soko hilo lilifikia thamani ya takriban dola bilioni 2 duniani. Kufikia 2023 lilikuwa limeporomoka hadi dola milioni 723.

Sababu mojawapo ya kuporomoka huko ni uchunguzi wa vyombo vya habari vya Ulaya uliochapishwa Januari 2023. Uchunguzi huo ulidai kwamba sehemu kubwa ya hati za misitu ya mvua zilizochunguzwa hazikuwakilisha upungufu wa kweli wa hewa chafu. Verra ilipinga matokeo hayo na mbinu zilizotumika. Licha ya hayo, wanunuzi wengi walisita.

Kwa mwanakijiji, mtikisiko huo wa mbali huonekana katika kisima kisichokamilika au karo isiyolipwa. Ndiyo maana si busara kwa mtaalamu kutaja bei moja barazani kana kwamba ni ahadi. Aeleze bei ya juu, bei ya chini, na uwezekano wa mwaka mzima kupita bila mauzo.

Sheria za Kenya

Kwa muda mrefu biashara hii iliendeshwa nchini bila sheria mahususi. Hali hiyo ilibadilika mnamo Septemba 2023, wakati Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilipofanyiwa marekebisho, siku chache kabla ya Kongamano la Tabianchi la Afrika kufanyika jijini Nairobi. Kanuni za masoko ya kaboni zilifuata mwaka 2024.

Sheria hiyo inataka kila mradi ulio katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi inayotumia ardhi, kama ile ya misitu, jamii inapaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotumia ardhi, kiwango ni asilimia 25. Vilevile, tathmini ya athari kwa mazingira na jamii inahitajika, na daftari la kitaifa la kaboni limewekwa kisheria.

Lililo muhimu ni kujua asilimia hiyo inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama za mradi. Chukua mradi wa kubuni unaouza hati 3,000 kwa dola 10 kila moja, yaani dola 30,000. Asilimia 40 ya mapato yote ni dola 12,000. Lakini gharama za dola 15,000 zikitolewa kwanza, jamii hubaki na dola 6,000. Neno moja ndani ya mkataba limekata fungu lao nusu kwa nusu.

Mbali na sheria hiyo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii hayana nguvu hadi yaidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Sahihi za mwenyekiti na katibu pekee hazitoshi. Katika misitu ya serikali, vyama vya kijamii vya misitu, vilivyotambuliwa kwa mara ya kwanza na Sheria ya Misitu ya 2005, hushiriki usimamizi kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

Kupuuza hatua hizi kuna gharama. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mojawapo, Biliqo Bulesa, ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kaboni ya udongo katika malisho ya kaskazini.

Uamuzi huo uliwakumbusha wenye miradi kuwa vipimo sahihi vya kaboni haviwezi kuziba pengo la ridhaa ya wananchi. Kwa mfugaji, mradi unaobadilisha ratiba ya malisho hugusa njia alizorithi za kuhamisha mifugo wakati wa kiangazi. Asipoulizwa mapema, ataulizwa mahakamani.

Pa kujifunzia

Hakuna haja ya kusafiri ng'ambo ili kuanza. Chuo cha Misitu cha Londiani, Kaunti ya Kericho, hufunza usimamizi wa misitu na upimaji wa miti. Vyuo vikuu vya Eldoret na Karatina vina masomo ya misitu na mazingira, nacho Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya amani na mazingira iliyopewa jina la Wangari Maathai. KEFRI, iliyo na makao Muguga, ndiyo taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu.

Aidha, nyaraka za miradi iliyosajiliwa na Verra na Plan Vivo ziko wazi kwenye intaneti bila malipo. Kijana anaweza kuisoma hati ya mradi wa Kasigau au wa Gazi, akatazama hali ya kulinganishia ilivyokadiriwa, viwanja vya vipimo vilivyowekwa na mapato yalivyopangiwa. Akizisoma nyaraka mbili au tatu kwa makini, akifuatisha yale maswali manne, atakuwa na msingi wa kuaminika.

Kazi zenyewe ni za aina nyingi. Wapo wapimaji wa msituni, wachoraji ramani kwa picha za setilaiti, wahasibu wa fedha za jamii, mawakili wa mikataba, na wataalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira waliosajiliwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Wapo pia wanaofanya kazi ya kueleza, ambayo haina cheti chake lakini ndiyo ngumu kuliko zote.

Ugumu wake hujitokeza siku ya baraza. Mzee atasimama na kuuliza: "Mwanangu, nikitaka kukata mti mmoja nimjengee kijana wangu nyumba, nitaomba ruhusa kwa nani?" Mama mmoja atataka kujua kuni atatoa wapi. Mwingine atauliza itakuwaje mradi ukifa kabla ya miaka 30 kuisha, au mwekezaji akiuza haki zake kwa kampuni ambayo hawaifahamu.

Kila swali kati ya hayo lina jibu ndani ya mkataba, au linapaswa kuwa nalo. Yule atakayejibu kwa kusoma kifungu chenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama ya wenyeji, atakuwa ameitenda haki kazi yake. Na pale kifungu kinapokosekana, wajibu wake ni kusema hivyo mbele ya wote kabla kalamu haijashikwa, hata kama aliyemlipa nauli ya kufika hapo ni mwekezaji.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya kaboni, mali ni msitu, na daftari liko mbali, kwenye kompyuta ambayo mwanakijiji huenda asiione maisha yake yote. Kijana wa miaka 25 anayejifunza kulisoma daftari hilo leo atakuwa na miaka 55 mkataba wa miaka 30 utakapofika ukingoni. Wakati huo, yeye ndiye atakayekuwa mzee wa baraza, na ndiye atakayeulizwa kilichotiwa sahihi.